Mume ameongeza watu kwa safari niliyoichangia, sasa sitaki hata kwenda

Habari yako anti. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Donholm hapa Nairobi, nina duka ndogo ya kushona na kuuza yunifomu za shule. Huwa nakusoma nikingoja wateja na sikuwahi dhani siku moja nitakuandikia, lakini hii maneno imenikaa kwa roho na nyumbani hakuna wa kumwambia sababu kila mtu ako na upande wake.

Iko hivi. Mwaka huu zamu yangu ya chama ilifika nikapata Sh180,000. Kawaida pesa ya chama kwangu huishia karo ama stoki ya Januari lakini hii mara nikasema hapana, hii tunatoka nayo. Mume wangu anafanya kazi ya shifti kiwandani, wiki hii mchana wiki ijayo usiku, na mimi duka nafungua saa moja asubuhi nafunga saa mbili usiku, Jumapili nakata vitambaa. Kuna wiki tunaongea kwa simu kuliko ana kwa ana na tunalala kitanda kimoja. Kwa hivyo nikamwambia Agosti watoto wakifunga shule chukua likizo yako, tuingie kwa gari sisi watano tu, twende tuone wanyama, tulale mahali hakuna mtu anagonga mlango akitaka sweta saizi 30.

Alifurahi anti, tena sana. Akaanza kusoma kwa simu usiku, akachora ratiba kwa karatasi ya manila ya mtoto akaibandika kwa mlango wa friji. Jumamosi Nairobi mpaka Amboseli kupitia Emali. Jumapili Amboseli. Jumatatu tunatoka Amboseli tunaingia Tsavo Magharibi kwa geti la Chyulu. Jumanne Mzima Springs. Jumatano tunavuka barabara kubwa tuingie Tsavo Mashariki. Alhamisi Voi, Ijumaa Voi tena, Jumamosi turudi nyumbani. Kila siku ameandika "kuamka saa kumi na moja" na kalamu nyekundu. Mimi nikaona sawa, ni mambo mengi lakini tutakuwa pamoja.

Halafu juzi juzi akakuja na habari ati mama yake pia anaenda. Mama ana miaka 72, ana sukari, anajidunga insulini asubuhi na jioni, na magoti yake hayataki ngazi. Yuko kwetu tangu Aprili sababu kliniki yake iko hapa Nairobi. Nikanyamaza. Hata kabla sijamaliza kunyamaza hiyo, ikawa watoto wawili wa shemeji pia wanaenda, wavulana wa miaka 9 na 11, baba yao amesema atachangia. Huyo shemeji nimemjua miaka mingi na kuchangia kwake huwa ni kwa mdomo.

Sasa hesabu watu. Sisi watano, mama, na hao wawili, tumekuwa wanane. Gari tulilopanga kukodi ni Noah ya viti 7 ukihesabu na cha dereva. Nikamuuliza mume wangu wa nane atakaa wapi, akasema watoto watabebana. Kutoka hapa mpaka Voi watoto wabebane?

Na chakula. Amesema sababu tumekuwa wengi tusile hotelini, tubebe unga, mchele na gesi ndogo, tupike huko kwa banda. Nani atapika anti? Mama hali kama watu wengine, ugali wake unapimwa, mboga isiwe na mafuta mengi, na akichelewa kula anaanza kutetemeka na jasho. Nani ataangalia hiyo saa? Ni mimi. Naona nitakuwa nimehamisha jikoni yangu tu nikaipeleka porini, tena kwa pesa yangu.

Na mama si mtu mbaya, nisimsingizie. Lakini ana maneno. Krismasi iliyopita alisema mbele ya wageni kwamba mama anayefungua duka Jumapili watoto wake hulelewa na televisheni. Sikujibu, nilienda nikaosha vyombo. Nikifikiria kukaa naye kwa gari wiki nzima goti kwa goti, tumbo inanikaza. Msichana wangu wa kwanza ana miaka 17 na ameshasema yeye haendi, atabaki kwa rafiki yake, hataki kuona twiga huku shosho akimkosoa nguo.

Nilijaribu kuongea na mume wangu, nikamwambia hii safari nilitaka iwe yetu. Akaniuliza, "Kwani mama ni mgeni?" Akavaa viatu akaenda kazi. Kesho yake akasema kitu kingine, ati mama hajakanyaga Voi tangu wahame, wakati marehemu baba mkwe alikuwa anafanya kazi ya reli huko na mume wangu akiwa mtoto. Sikumjibu. Tangu hapo tunaongea mambo ya gesi na tokeni za stima tu.

Depoziti ya gari inatakiwa mwisho wa mwezi. Nikikataa nitaitwa mchoyo, mwanamke anayemhesabia mama mkwe kiti. Nikikubali nitarudi nimechoka kuliko nilivyoenda. Kuna siku nafikiria kusema tu pesa imeingia kwa stoki, safari imekufa. Nisaidie anti, nifanye nini?

Mama Yunifomu, Donholm

*

Dadangu Mama Yunifomu, asante kwa kuniandikia na kwa kunieleza kila kitu mpaka rangi ya kalamu. Barua yako nimeisoma, nikaiweka, nikarudi tena, sababu mara ya kwanza nilisoma maneno ya gari na mara ya pili nikasoma maneno ya watu wawili ambao hawajaonana vizuri kwa muda mrefu.

Nikikusikia sawa, ulichukua pesa ambayo ingeingia kazini ukaamua kununua nayo kitu ambacho duka haliuzi, yaani wakati na mzee wako na watoto. Ukampa yeye apange. Akapanga kwa moyo, halafu akaanza kuongeza watu bila kukuuliza, na kila mtu aliyeongezwa alikuja na kazi ambayo inakuangukia wewe. Hiyo inauma na una haki iume. Sitakuambia ati ni mama yake kwa hivyo meza tu. Pesa ni yako, wazo ni lako, na kuulizwa kabla ya mtu kualikwa ni heshima ndogo sana ambayo ulistahili kupewa. Hayo nayasema mwanzo ili yale nitakayouliza sasa usidhani namtetea.

Swali langu la kwanza, kuna mtu amemsikia mama akisema anataka kwenda? Kwa barua yako namuona mama amealikwa, sioni mahali ameomba. Inawezekana anatamani sana. Inawezekana pia ni mwanawe alimwambia "mama tunaenda Voi" na mtu wa miaka 72 anayekaa nyumba ya mtoto wake tangu Aprili akaona hawezi kusema hapana. Na pengine yeye pia anafikiria wiki nzima kwa gari na wewe na tumbo lake linakaza. Mimi sijui na wewe hujui bado, na uamuzi mkubwa hivi umesimama juu ya kitu ambacho hakuna mtu ameuliza.

La pili, nenda usimame mbele ya hiyo friji uangalie ratiba tena polepole. Amboseli amewapa siku moja kamili. Tsavo Magharibi siku moja ya Mzima. Halafu Voi, Alhamisi na Ijumaa. Mtu anayepanga safari ya wanyama na ana haraka ya kuamka saa kumi na moja kila siku, mbona abaki Voi siku mbili? Ni kweli Voi iko mlangoni mwa Tsavo Mashariki, na Tsavo Mashariki ni kubwa, ndiyo mbuga kubwa kuliko zote Kenya, inaweza kukula siku mbili bila shida. Lakini nikaweka hiyo pamoja na yale aliyokuambia kesho yake, kwamba baba yake alifanya kazi ya reli huko na mama hajarudi tangu wahame, nikaona kama hiyo ratiba ina safari mbili ndani. Yako ya kupumzika na yake ya kumrudisha mama mahali walipoishi na baba. Pengine hata yeye hajajua anafanya hivyo. Wanaume wetu wengi kitu kikiwa kikubwa moyoni wanakitolea kwa mpango wa petroli na masaa.

Naweza kuwa nimekosea kabisa. Lakini angalia vile mlivyopishana. Wewe ulimwambia "nilitaka iwe yetu", ukimaanisha nimekukosa, nakutaka wewe. Yeye akasikia mama hatakiwi, ndiyo akajibu "kwani mama ni mgeni". Alijibu swali ambalo hukumuuliza. Halafu aliporudi na maneno ya Voi, ambayo naona yalikuwa ni kama kujieleza, ukanyamaza, na nakuelewa sababu ulikuwa bado unauma. Sasa mko kwa tokeni za stima.

Jambo la tatu ni hili, nyote wawili mnaongea kama safari ni kitu kimoja, mtu anapanda Donholm anashukia Donholm, ama aende yote ama asiende kabisa. Si lazima iwe hivyo. Mbuga hizi tatu zote unazifikia kutoka barabara ya Mombasa na reli ya SGR, ile mpya ya Nairobi mpaka Mombasa, inapita katikati ya hizo Tsavo mbili, kwa hivyo kuna milango mingi ya kuingia na kutoka kwa hiyo safari.

Kwanza niseme mambo ya gari na barabara sababu hapo kuna vitu ambavyo havina upande wa mke wala wa mume. Watu wanane kwa viti 7 haiwezekani. Barabara ya Mombasa ina malori usiku na mchana, mtoto aliyebebwa hana mkanda, na polisi watawasimamisha kabla hamjafika Emali. Hiyo mwambie mumeo ukiwa umetulia, si kama silaha. Halafu kile kipande cha Jumatatu, kutoka Kimana, upande wa Amboseli, mpaka geti la Chyulu, si lami. Ni murram ya vumbi na mawe, unapita Shetani, ile lava nyeusi iliyomwagika na kuganda, ni mahali pa ajabu sana na watoto wataipenda, lakini Noah ni gari ya chini na mgongo wa mzee mwenye magoti mabaya utaisikia kila kokoto. Kama mtapita huko, ulizeni geti la Kimana hali ya barabara asubuhi hiyo kabla ya kuondoka, na mfikirie gari iliyoinuka kidogo.

Tena kila mbuga ina tiketi yake. Amboseli yake, Tsavo Magharibi yake, Tsavo Mashariki yake, na ni kwa kila kichwa pamoja na gari, inalipwa kwa eCitizen, ule mtandao wa serikali, kabla ama getini kwa simu, pesa taslimu hawapokei. Tiketi ni ya masaa 24 na ya kuingia mara moja, kwa hivyo ukitoka ukanunue nyanya mjini urudi, hesabu imeanza upya. Kaeni chini na simu mpige hiyo hesabu ya watu wanane mbuga tatu kwa bei za sasa, muiandike. Sh180,000 ni pesa ya maana lakini ikigawanywa kwa gari, mafuta, malazi na mageti yote hayo kwa watu wanane, nina hofu ndiyo sababu ameanza kuongea unga na gesi. Yaani jikoni yako haikuhamishwa na mama, ilihamishwa na hesabu. Na hapo ndipo shemeji anaingia. Si lazima umwambie mchoyo. Mumeo anaweza kumwambia tiketi za vijana wako na sehemu yao ya gari ni pesa kadhaa, tunalipa depoziti tarehe fulani, zikifika vijana wanaenda, zisipofika watangoja safari nyingine. Ni ndugu yake, hayo maneno yatoke kwake si kwako. Hatari iko, ndugu anaweza kununa na wavulana wakalia kwa kitu ambacho si makosa yao, na kama walishaahidiwa itauma zaidi.

Sasa mama. Kuna njia moja ambayo imenijia na naiweka mezani tu uiangalie. Iko treni ya SGR ya asubuhi ile inayosimama njiani, inatoka Syokimau inapitia Emali, Kibwezi, Mtito Andei, halafu Voi. Mama anaweza kupanda hiyo Alhamisi na mtu mzima wa kumsindikiza, labda huyo shemeji ambaye anatafuta namna ya kuchangia, na nyinyi mkawapokea stesheni ya Voi mchana. Hapo Jumamosi mpaka Jumatano mnakuwa nyinyi watano kama ulivyotaka, Amboseli na Tsavo Magharibi, na Voi inakuwa ya mama. Mjane wa mtu wa reli aende Voi kwa reli, akiwa amekaa kwa kiti kizuri, choo kiko, akiangalia Tsavo kwa dirisha. Ile reli imeinuliwa na kuachiwa njia za chini ndovu wapite, na mara nyingi watu wanawaona wakiwa wamekaa tu ndani. Usiku mnalala Voi mjini ama karibu, hakuna kupika, na Ijumaa asubuhi anayetaka anaingia na gari, geti la Voi liko karibu kabisa na mji. Ndovu wa huko ni wekundu kwa sababu ya udongo wanaojipaka, mama atawakumbuka.

Lakini hiyo njia nayo ina maswali. Mama anaweza kuona ametengwa, ati wengine wameenda mbele yeye ameletwa nyuma kama mzigo, hasa kama atasikia ni wewe ulipanga. Siku hizo tano za kwanza atabaki na nani, na sindano yake jioni? Stesheni ukaguzi wa mizigo ni mrefu, anatakiwa afike mapema na awe na kitu cha kula mkononi. Na kurudi Jumamosi mtakuwa wangapi kwa gari? Kama msindikizaji atarudi naye kwa treni sawa, kama si hivyo tumerudi pale pale pa kubebana.

Njia nyingine ni muende wote lakini safari yenyewe iwe ndogo. Mtoe mbuga moja ama mbili. Mkitoa Amboseli mnashuka barabara kubwa ya lami mpaka Mtito Andei, mnaingia Tsavo Magharibi hapo, na kile kipande kibaya cha murram kimekufa. Mtapoteza Kilimanjaro, na sisemi ni kitu kidogo. Huo mlima hujificha na mawingu mchana, unaonekana vizuri alfajiri na jioni, na kuwaona ndovu kwa kinamasi na theluji nyuma yao ni kitu mtoto hasahau. Mkitoa Tsavo zote mbili mbaki na Amboseli, ni rahisi na karibu, lakini Voi imekufa na kama niko sawa kuhusu mumeo, hapo mtakuwa mmekata kile anachokitafuta bila yeye kusema. Faida ya kupunguza ni moja, zile pesa za mageti zinakuwa pesa za chakula cha kupikiwa, na kalamu nyekundu inapumzika. Mbuga inafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na jioni saa kumi na mbili mnatakiwa muwe mmetoka ama mko kambini, kwa hivyo kuamka mapema siku moja mbili ni sawa, wanyama huonekana asubuhi. Lakini siku zote? Mtu aliyetoka shifti ya usiku, aendeshe wiki nzima akiamka saa kumi na moja, na yeye ndiye dereva peke yake? Hapo mimi naogopa kwa ajili yenu nyote, na sidhani yeye ameliangalia hivyo.

Na kuna kwenda wote vile alivyopanga, kwa gari kubwa yenye viti vya kutosha. Usiitupe hiyo haraka. Watoto wakiwa na binamu zao huwa hawakusumbui wewe, wanasumbuana wao. Mkivuka mto Tsavo mama akianza kuwaambia yale ya reli, hata ile hadithi ya simba wawili waliokula wajenzi wa daraja mwaka 1898, hakuna atakayeuliza simu. Mzima Springs maji safi yanatoka chini ya mwamba na unashuka ndani ya chumba cha vioo kuangalia samaki, na viboko ukibahatika, pale mnaruhusiwa kushuka na kutembea. Lakini ukichagua hii, kazi igawanywe kabla hamjawasha gari. Sindano na saa ya kula ya mama ni ya mwanawe, si yako. Wavulana wanaosha sufuria. Jioni moja angalau wewe na mzee wako mkae nje peke yenu na mtu asiwaite. Hatari ni kwamba ahadi za Nairobi husahaulika Tsavo, na wewe, kwa vile ulivyo, ukiona mama anatetemeka hutangoja mtu.

Kuhusu kusema pesa imeingia kwa stoki, naelewa kwa nini inakuvutia, inamaliza kelele bila ugomvi. Ila mumeo anaishi na wewe, atajua, na kitakachobaki si safari iliyokufa, ni kwamba ulimdanganya siku aliyokuwa anafikiria baba yake. Kama kweli unataka kuahirisha, ahirisha ukisema ni kuahirisha. Hiyo nayo ni njia halali.

Yale maneno ya Krismasi sijayasahau. Ulidharauliwa mbele ya watu ukaenda kuosha vyombo, na hakuna mtu amewahi kukuambia pole. Mimi nakuambia pole. Naona ndiyo yanayokukaza tumbo kuliko viti. Kama mtakaa gari moja na hayo maneno bado yako hai, yatatoka mahali pabaya, labda katikati ya njia watoto wakisikia. Unaweza kuchagua kuyatoa mapema, nyumbani, kwa utulivu, yeye na wewe tu. "Mama, ile siku uliniumiza, Jumapili mimi hukata vitambaa ndiyo karo ya wajukuu wako itoke." Anaweza kukasirika. Anaweza kusema hakumbuki. Anaweza pia kukushangaza. Ama unaweza kuanza na kitu chepesi, umuulize tu Voi ilikuwaje wakati huo, mlikuwa mnaishi nyumba gani, usikilize. Lakini mwambie mumeo kwanza kwamba utamuuliza mama, asione umempita.

Msichana wako nisimuongelee sana, nadhani anakataa kitu kile kile unachokataa wewe, na ukitatua chako chake kitalegea. Mpe kazi ya ramani na picha, na umuahidi mbele ya baba yake kwamba nguo zake haziguswi.

Sasa hivi ningekuomba ulitafute saa moja ambayo nyote mko macho kabla ya mwisho wa mwezi, na usianze na viti wala shemeji. Anza na baba yake. Muulize alikuwa anafanya nini pale Voi, na yeye anakumbuka nini. Halafu mwambie yako, kwamba uliitisha hii safari sababu umemkosa, kwa maneno hayo hayo uliyoniandikia ya kitanda kimoja na simu. Ukimaliza hayo mawili ndiyo mtoe hesabu. Depoziti haitakimbia siku chache, ingawa Agosti wageni ni wengi na malazi ya KWS, lile shirika la wanyamapori, kama ya Kamboyo kule Tsavo Magharibi, ni vizuri kushika mapema.

Na kwa njia yoyote mtakayochukua, mama aende kliniki yake kabla ya kuondoka, aulize vipimo vya sukari vya safarini. Insulini isiachwe kwa gari iliyofungwa juani na isiwekwe juu ya barafu moja kwa moja, inaharibika kwa joto na kwa kuganda. Watoto wa Nairobi hawajazoea mbu wa huko chini, kwa hivyo ulizeni daktari ama duka la dawa mapema kuhusu kinga ya malaria, mbebe neti, na mtoto akipata homa hata mkiwa mmerudi mwambieni daktari mlikuwa Tsavo. Maji mbebe kwa mitungi ya kujaza tena, zile chupa za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi mbugani tangu Juni 2020. Niandikie tena ukishaongea naye, hata kama mazungumzo hayakwenda vizuri.